Nilimpunguzia Mwanangu Miaka Miwili

"Mama, iambie mahakama mwanao ana umri gani."

Aliyeniuliza ni wakili wetu. Wetu kabisa! Jibu tulikuwa tumelifanyia mazoezi wiki nzima sebuleni kwangu: kumi na saba.

Mwanangu alikaa hatua chache kutoka niliposimama, kavaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Akanitabasamia kidogo, kunipa moyo.

Nikasema, "Kumi na tisa."

Tabasamu likakatika. Mdogo wangu wa kiume, mjomba wake, akashika kichwa kwa mikono miwili. Wakili akabaki kanyanyua kalamu hajui aandike nini...

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kuandika "huyu naye ni mama?" Andika tu, mpendwa. Ila malizia kusoma kwanza.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu, kimoja kibovu. Nimelea mtoto mmoja peke yangu. Baba yake aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na nadhani bado anayatafuta.

Mtoto huyo mtaa mzima unamwita Kapteni, kwa ajili ya mpira. Alipokuwa na miaka kumi na tano, timu moja kubwa ilikuja kuchagua vijana, na ilitaka wasiozidi kumi na tatu. Kocha akanifuata saluni, nikiwa na kichwa cha mteja mkononi.

"Mama Kapteni, kipaji hiki kitaozea mtaani. Miaka miwili tu, nani atajua?"

Nikaenda nikatengenezewa cheti kingine cha kuzaliwa. Kile cha kweli nikakichoma jikoni.

Mtoto akang'aa. Angeachaje kung'aa? Alikuwa akicheza na watoto wanaomfikia kifuani, na mimi jukwaani napiga vigelegele kama sina akili.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Jumamosi moja, saa nane mchana, Kapteni alikuwa anatoka kwenye sherehe ya rafiki yake. Walikuwa wakinywa tangu asubuhi. Alikuwa na gari la mjomba wake, alilolichukua bila kuomba. Kwenye kona yenye duka la dawa, gari likaacha barabara na kupanda njia ya waenda kwa miguu.

Pale alikuwepo binti anayeuza kwenye duka lile. Alikuwa ametoka kununua chakula cha mchana. Alifia palepale...

Kapteni alipata mchubuko kidevuni. Polisi walimpima, na pombe ilikuwa mara tatu ya kiwango.

Wakili alipokuja nyumbani, hakuzunguka.

"Akiwa chini ya miaka kumi na nane, kesi inabaki mahakama ya watoto. Atakaa mwaka mmoja chuo cha kurekebisha tabia, atatoka. Akihesabiwa mtu mzima ni jela, na si ya miezi."

"Cheti kipo," mjomba akadakia. "Dada, kile cheti chako cha mpira ndicho kitakachotuokoa."

"Mwendesha mashtaka ana wasiwasi na ndevu za kijana," wakili akasema. "Kwa hiyo mama utasimama uthibitishe. Ukitamka kumi na saba, tumemaliza."

Nikakubali. Mlitaka nifanyeje? Ni mwanangu.

Jioni ile nilimkuta Kapteni, aliyekuwa nje kwa dhamana, kajilaza kwenye kochi na simu yake.

"Maza, acha presha. Kisheria mimi ni mtoto. Mwakani niko uwanjani."

"Na yule binti?"

"Si ilikuwa bahati mbaya tu."

Alisema hivyo bila kuinua macho. Nilisimama pale mlangoni na beseni la nguo, nikajisikia vibaya kuliko siku niliyopigiwa simu na polisi.

Wakili alikuwa amenikataza kabisa kwenda msibani. Nikajitanda mtandio hadi machoni, nikaenda, nikakaa nyuma kabisa. Nilitaka tu kumwona yule mama aliyefiwa, hata kwa mbali.

Akatolewa nje, kashikwa na wanawake wawili. Nikamwona uso.

Nilikuwa namjua!

Miaka kumi na tisa nyuma, wodi ya wazazi ilikuwa imefurika. Tukalazwa wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, kisigino changu puani kwake. Tukajifungua siku moja. Yeye wa kike asubuhi, mimi wa kiume jioni. Maziwa yangu yakagoma kutoka, mwanangu akalia hadi sauti ikamkauka.

Yule mwanamke akanyoosha mikono. "Mlete huyo. Haya yangu yanawatosha wote wawili."

Maziwa ya kwanza Kapteni kuyaonja yalikuwa ya mama huyo. Tulipotoka hospitali tuliahidiana kutembeleana, na mnazijua ahadi za wodini. Hatukuonana tena.

Sasa binti aliyezaliwa asubuhi ile ndiye aliyegongwa na huyu niliyemzaa jioni.

Niliondoka bila kumpa mkono. Na sikumwambia mtu.

Siku yangu ya kutoa ushahidi yeye alikaa benchi la mbele. Alinitazama mara moja, akageuka. Hakuonyesha dalili yoyote kwamba ananikumbuka, na kusema kweli nikashukuru.

Mwendesha mashtaka akasoma: marehemu, mwanamke, umri miaka kumi na tisa...

Dakika chache baadaye nikaitwa mimi. Ndipo swali likaja, na lile neno la mazoezi lilikuwa tayari ulimini. Lakini marehemu ana kumi na tisa, na yeye na mwanangu wamezaliwa siku moja. Nikisema kumi na saba, nimekifuta kile kitanda, na mkono ulionipokelea mtoto nao nimeufuta.

Nikashindwa. Nikasema kweli.

Hakimu akavua miwani. "Mama, unaelewa kwamba unajishtaki na wewe mwenyewe?"

"Naelewa."

"Alizaliwa lini?"

Nikataja siku, hospitali, hadi kitanda. Kitanda cha pili kutoka dirishani, tulicholalia wazazi wawili.

Kapteni akasimama. "Mama, umeniua!" Askari wakamkalisha.

Hakimu akaahirisha. Nilitoka hadi kwenye korido, nikajishikiza ukutani. Mjomba akanipita kama anapita nguzo. Hadi leo hatusemeshani.

Kisha nikasikia mtu kasimama pembeni yangu. Ni yeye, mwenzangu wa kitanda.

"Nilikujua tangu siku ya msiba," akasema. "Mtandio wenyewe ulikuwa unaanguka."

"Mbona hukunisema?"

"Mwendesha mashtaka aliniuliza mara mbili kama naijua familia yenu. Nikamwambia siijui."

Sikuelewa. "Kwa nini?"

"Yule kijana naye nilimnyonyesha," akasema. "Mmoja nimeshamzika. Nikaona nikisema umri wake, nawapoteza wote."

Mnanisikia jamani? Mama aliyeuliwa mtoto alikuwa akimfichia mwanangu umri. Na mimi niliyemzaa ndiye niliyeutaja...

Nikaanza kulia. "Nisamehe, mwenzangu. Basi nimeharibu nini?"

Akanisogelea. Nikadhani atanisukuma.

"Nilinyamaza nikitegemea nitapata nafuu. Sikupata," akasema. "Mle ndani kila siku wanataja tarehe aliyokufa mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kutaja siku aliyozaliwa."

Akanishika bega, akaenda zake.

Kesi ilihamishiwa mahakama ya watu wazima. Kapteni alipewa miaka mitano. Mimi kwa kosa la cheti nilipewa kifungo cha nje, na kila Jumamosi nafagia ua wa zahanati. Wateja wengine walinikimbia, wengine wamerudi. Kuna usiku nalala nikijiona nimetenda haki, na kuna usiku namlilia mwanangu hadi mto unalowa. Sitawadanganya kwamba yamekwisha.

Wazazi wenzangu, mimi sikuanza kumharibu mtoto siku alipokunywa. Nilianza siku nilipomfundisha kwamba kukiwa na mama, kila hesabu inaweza kupunguzwa. Ukimpenda mwanao, mwache abebe kosa lake angali na muda wa kubadilika, na wewe usimame karibu naye akilibeba.

Miezi saba Kapteni alikataa kuniona. Nilikuwa naacha sabuni na nguo getini, narudi.

Juzi akakubali. Amekonda. Alikaa upande wa pili wa wavu, kainamisha kichwa, hakunisalimia. Muda wa kuonana ulikaribia kwisha kabla hajafungua mdomo.

"Mama, yule binti alikuwa anaitwa nani?"

Jina lile lilisomwa mahakamani sijui mara ngapi, akiwa amekaa palepale. Hakuwahi kulisikia.

Nikamtajia. Akalirudia taratibu, mara mbili, kisha akaniomba nimweleze alikuwa mtu wa namna gani.