Stoo ya Mashuka

Dada yangu aliporudi kufundisha katika shule ya misheni aliyosoma, siku ya kwanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nilimsindikiza mimi, nimebeba godoro kichwani na jiko la mafuta mkononi. Alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya walimu, vyumba viwili na kibaraza, akapewa ratiba ya vipindi na boksi la chaki. Sista mkuu, aliyekuwa akiiongoza shule ile tangu enzi za dada, alimshika mikono yote miwili akasema, "Watoto wangu wanarudi nyumbani." Dada alicheka, lakini nilimwona akikunja vidole upesi. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, bado anaogopa kukaguliwa kucha.

Sista alisema "watoto" kwa sababu dada hakurudi peke yake. Wiki moja kabla alikuwa ameripoti rafiki yake wa tangu kidato cha kwanza, mwalimu wa muziki, ambaye sote tulimwita Chiriku kwa ajili ya sauti yake. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Walilala bweni moja, wakasoma chuo kimoja cha ualimu, na sasa walipangiwa nyumba moja. Jioni ile tulikula pamoja, wakawaigiza walimu wao wa zamani mpaka machozi yakawatoka kwa kucheka.

Niliondoka asubuhi yake. Yaliyofuata, mengine alinisimulia dada, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Kitu cha kwanza kilikuwa ukuta. Nyuma ya bweni, kwenye korido inayokwenda sehemu ya kufulia, zamani palikuwa na mlango wa stoo ya mashuka. Dada alipita pale siku ya tatu akakuta hakuna mlango. Ukuta umepigwa plasta na kupakwa rangi nyeupe kama korido nzima. Ila pale palipokuwa na mlango, rangi ilikuwa na unyevu. Si kama ukuta uliovuja. Kama kioo ambacho mtu amekipumulia.

Jioni alimwuliza Chiriku, "Ule mlango waliuziba lini?"

"Mlango upi?" Chiriku alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye madaftari anayosahihisha.

Alijua ni mlango upi. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

Wiki ya tatu dada alikuwa na kipindi cha hisabati, kidato cha pili, mara baada ya chakula cha mchana. Kengele ya saa nane imelia, jua kali, wasichana wana usingizi wa shibe. Akamwita mmoja, binti mchangamfu wa dawati la mbele, asome jibu lake. Binti akasimama. Akafungua kinywa. Midomo ikacheza, jibu zima, mpaka mwisho. Hapakutoka sauti.

Wenzake wakacheka. Dada naye akatabasamu, akamwambia, "Haya, utani basi, tusomee." Binti akajaribu tena. Mishipa ya shingo ikamtutumka. Akajishika koo. Darasa likanyamaza.

Muuguzi wa shule alimmulika kooni kwa tochi, akampima joto, hakuona kitu. Saa kumi na moja jioni, kengele ya mwisho ilipolia, binti akaomba maji kwa sauti yake ya kawaida. Hakukumbuka lolote.

Kesho yake saa nane walikuwa wawili. Keshokutwa watatu. Ijumaa walikuwa watano, na kila siku hali ilikuwa hiyohiyo: kengele ya mchana inawafunga vinywa, kengele ya jioni inawafungua. Bweni likajaa minong'ono ya mashetani. Wazazi wakaanza kupiga simu. Muuguzi, maskini, akawagawia karatasi waandike kinachowauma.

Dada aliniambia kwamba alizichukua zile karatasi zikiwa bado na joto la mikono yao. Zote tano ziliandikwa maneno yaleyale. *Nimeacha kusema. Fungueni.* Na zote tano zilikuwa na mwandiko mmoja. Mdogo, umelalia kushoto, herufi k ina mkia mrefu kama wa panya.

Akaujua ule mwandiko. Aliyekuwa nao alikufa wakati dada yupo kidato cha pili.

Jumamosi nikapigiwa simu. "Njoo," alisema, akakata. Damu nzito kuliko maji, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa viatu, hajalala siku mbili. Ndipo nikaambiwa jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulijua.

Darasani kwao palikuwa na msichana mdogo wa umbo waliyemwita Kasuku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Siku moja Kasuku alimwambia Sista kwamba dada na Chiriku wanaiba sukari jikoni. Wakachapwa, wakalimishwa bustani wiki nzima. Chiriku alikuwa kiongozi wa bweni na ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya mashuka. Wakamdanganya Kasuku kwamba Sista anamtaka kule akahesabu foronya. Alipoingia, wakafunga. Stoo ile haikuwa na dirisha.

"Tulimwambia kupitia tundu la ufunguo," dada alisema. "Tukamwambia, tutafungua ukiacha kusema."

"Mlikusudia muda gani?"

"Nusu saa."

Lakini saa nane ile kwaya iliitwa kanisani kufanya mazoezi, kwa kuwa askofu alikuwa anakuja. Wote wawili walikuwa waimbaji. Kanisa lilipakana na ile korido. Katikati ya wimbo dada alimsikia Kasuku akiita. Akamtazama Chiriku. Chiriku akatikisa kichwa, akapandisha sauti. Naye dada akapandisha yake.

"Tuliimba mpaka saa kumi na moja," alisema. "Tuliimba kwa nguvu, kaka. Mwalimu alitusifu."

Walipofungua, walimkuta Kasuku amekaa katikati ya mashuka, kinywa wazi. Hakulia. Hakuwashitaki. Aliishi siku nane bila kutamka neno. Sista alimpa karatasi, akaandika maneno mawili tu: *Nimeacha kusema.* Siku ya tisa akafa. Ikasemwa ni homa.

Chiriku aliingia wakati dada anafuta machozi. Alinitazama, akajua kwamba nimekwishaambiwa. Akafunga mlango na kunong'ona, "Tukisema, tumekwisha."

"Tusiposema, watoto wamekwisha," dada akamjibu.

"Ni upepo tu. Utapita."

"Leo ni wangapi?"

 Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika tano, na kutoka bwenini, shule yenye wasichana mia mbili, siku ya mapumziko, hakukusikika kelele hata moja.

Dada hakungoja zaidi. Alikwenda kwa Sista mkuu, nami nikamfuata nyuma, na Chiriku akaja mwisho, akiburuta miguu. Dada alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekosa. Sista alisikiliza hadi mwisho. Hakushangaa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mlango ule niliuziba mimi," akasema. "Muhula uliofuata baada ya nyinyi kumaliza shule, ulikuwa unagongwa. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Kwa adabu tu, kama mtu anayebisha hodi ofisini. Nikafikiri ni panya. Halafu nikaacha kufikiri, nikamwita fundi."

"Na baada ya kuziba?"

"Miaka yote kimya. Mpaka mlipokuja nyinyi."

Fundi wa shule aliletwa na nyundo yake. Hakuambiwa sababu, wala hakuuliza. Plasta ilianguka vipande vipande, matofali yakatolewa, mlango ukaonekana, rangi yake ya kijani kama jana. Ulikuwa umefungwa. Sista akasema ufunguo wake ulipotea zamani, itabidi wauvunje.

"Msivunje," alisema Chiriku.

Alitoa kifuko shingoni, ndani ya blauzi. Ndani ya kifuko palikuwa na ufunguo. "Siku ile nilisahau kuurudisha," alinong'ona. "Baadaye niliogopa kuutupa."

Ufunguo ukazunguka bila shida. Mlango ukafunguka.

Nilitegemea vumbi. Nilitegemea utando wa buibui na harufu ya uozo. Hapakuwa na vumbi. Mashuka yalikuwa kwenye rafu, meupe, yamekunjwa vizuri. Harufu ilikuwa ya nguo zilizotoka kupigwa pasi. Nikagusa shuka la karibu.

Lilikuwa la moto.

"Semeni naye," Sista akasema.

Dada akapiga magoti kizingitini. "Tumefungua," alisema. "Ni mimi. Tumefungua, mdogo wangu. Sema. Sema chochote unachotaka, kwa yeyote. Tulikosa. Sema."

 Kisha kule bwenini nyuma yetu, sauti mia mbili zikalipuka kwa mara moja, wasichana wakiongea, wakilia, wakiitana. Fundi akadondosha nyundo. Dada akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Chiriku peke yake ndiye aliyekuwa bado anatazama ndani.

"Hajatoka," alisema.

"Nani?"

"Yupo pale chini. Hamumwoni? Anataka mkono." Na kabla hatujamshika, aliingia.

Mlango ukafungwa.

Hapakuwa na upepo. Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikuona mkono. Nilishika kitasa, nikavuta. Dada akavuta. Fundi akavuta. Kutoka ndani hatukusikia ukelele. Tulisikia kuimba. Chiriku alikuwa anaimba, kwa nguvu zake zote, wimbo wa kanisani, sauti ya juu, nzuri, inapanda. Inapanda. Ikakatika.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Haikupita dakika moja, naapa. Alikuwa amekaa katikati ya mashuka, kinywa wazi, anatutazama.

Chiriku yu hai. Anaishi kwa mama yake mzazi, anakula, anafua, anafagia uwanja. Hajatamka neno mpaka leo. Ukimpa karatasi anairudisha.

Wasichana walipona siku ile ile na hakuna aliyeugua tena. Stoo waliibomoa, korido ikawa pana. Dada aliacha kazi mwenyewe, Sista hakumfukuza. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mama yake Kasuku. Nilikaa naye mkekani. Mama yule alisikiliza huku akichambua mchele, hakuacha kuchambua hata mara moja. Mwishoni aliuliza swali moja.

"Alikuwa anaogopa giza. Mlijua?"

"Tulijua," dada akasema.

Mama akaendelea na mchele wake. Hakutufukuza wala hakutusamehe. Tukaondoka wenyewe.

Sasa dada anaishi kwangu. Asubuhi ni yule yule, anatania, anamfundisha binti yangu kusoma, anabishana na mke wangu kuhusu chumvi. Ikifika saa nane mchana sauti yake inakwenda, na inarudi saa kumi na moja. Madaktari watatu wamemwangalia koo, wanasema ni zima. Ameshazoea. Saa hizo hukaa kwenye kiti cha kibarazani akishona, nasi tumejifunza kutomsemesha.

Mwezi uliopita binti yangu, ana miaka mitano, alikuwa amelala kifuani kwa dada mchana. Nilikuwa napita na ndoo ya maji. Nikamwona mtoto ameinua kichwa, akakunja uso, kisha akalaza sikio tena, kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Baba," aliniambia kwa kunong'ona, "kuna mtu anaongea humu ndani ya shangazi."

Nikamtazama dada. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Macho yake yalikuwa kwangu, yamejaa machozi, na akatikisa kichwa nisiulize.

Nikauliza. "Anasemaje?"

Mtoto akasikiliza tena kidogo.

"Anauliza sasa ni saa ngapi."