Aliye Nje Aingie

Theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka Minsilu alipoona alama ya ukungu dirishani, kama ile anayoiacha mtu akipumua karibu na kioo. Aliifuta kwa kiganja, haikutoka. Akatoka nje akaifuta kwa huko, haikutoka. Ilikuwa katikati, baina ya kioo cha ndani na cha nje, pale alipotandaza pamba kwa mikono yake na kubandika karatasi kwa uji wa unga pande zote, ili baridi isipate hata tundu la kupenya. Ukungu ukafifia, ukarudi, ukafifia, ukarudi.

"Mama," mkwewe Alfinur aliita kutoka nyuma ya pazia, sauti imemkauka. "Mbona kichwa kinanipasuka? Nani amefunga bomba?"

Minsilu alipanda kwenye ngazi ya tanuri. Kile kifuniko cha chuma cha bomba la moshi, ambacho hufungwa makaa yakishakufa, kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho, na makaa bado mekundu. Huku kwetu familia nzima hulala isiamke kwa kosa hilo, kwa sumu ya moshi. Alikivuta, akafungua mlango, akamkimbiza mjukuu wake barazani na blanketi lake. Kitoto kililia kivivu, midomo imepauka.

Kilikuwa bado hakijapewa jina. Baba yake, Rafkat, alikuwa kaskazini akikata magogo, na alituma salamu kwamba yuko njiani, jina atalinong'oneza sikioni mwenyewe.

"Mimi sijagusa kifuniko, Mama."

"Wala mimi."

Adhuhuri, wakiwa wamekaa mezani wote wawili, jua likiwaka juu ya theluji, waliisikia harufu ya kuvu mbichi na udongo wa chini ya sakafu, kisha wakasikia chuma kikikwaruza taratibu juu ya tanuri, kikisimama, kikikwaruza tena, kama mtu anayefunga mlango huku akihofia kumwamsha mtoto, na hapakuwa na mtu.

Minsilu alikwenda kumwita Marziya, abistai wetu, mwanamke anayesomea watu dua na asiye na maneno matamu. Marziya alinusa hewa mlangoni, akashusha sauti.

"Siku ya kuziba nyumba, uliwaita watu wako kwa majina kabla ya kufunga?"

"Supu ilikuwa inaungua," Minsilu alisema. "Mikono imekufa ganzi. Nikasema tu, haya, aliye nje aingie, nafunga."

"Aliye nje."

"Ndiyo."

"Basi aliingia. Uzee wote huo, Minsilu, na unakaribisha kama mlevi wa harusini." Hakucheka. "Jini huyo anasikia baridi. Anafunga bomba ili joto lisitoke, na nyie mkifa si shauri lake. Tutoke nje wote, mlango uachwe wazi. Kisha uwaite wa nyumba hii mmoja mmoja. Asiyetajwa hana ruhusa ya kubaki."

"Na mtoto? Hana jina, na baridi hii itamuua."

"Ataitwa wa kwanza. Baba yake amemchagulia lipi?"

Alfinur alisita, akamkumbatia mwanawe. "Ildan," alinong'ona.

Juu ya tanuri mkwaruzo ulikoma ghafla, na wote watatu wakajua kwamba kulikuwa na mwingine aliyelisikia.

Walitoka hata hivyo, maana hawakuwa na njia nyingine. Minsilu alisimama kizingitini, na Alfinur akasimama uani na mtoto kifuani, tayari kuitika kwa niaba yake.

"Ildan, mwana wa Rafkat!"

Alfinur alifungua kinywa. Lakini sauti ilitokea ndani, kutoka nyuma ya tanuri, nyembamba na yenye furaha.

"Naam!"

Mlango ulijifunga mbele ya uso wa Minsilu.

Walikimbilia ng'ambo ya barabara, kwa Marziya, mtoto akiwa ndani ya koti la bibi yake. Alipata joto, akanyonya, akalala. Alfinur alikaa dirishani akilia kimya kimya kwa shukrani, na hapo ndipo, giza likianza kuingia, alipoona kigari cha farasi cha kuteleza kwenye theluji kikisimama mbele ya nyumba yao, na Rafkat akishuka, ndevu nyeupe kwa barafu, bonge la sukari mkononi.

Alfinur aligonga kioo. Aliita kwa nguvu zake zote, akakwaruza karatasi kwa kucha, akapiga kwa ngumi mpaka kioo cha ndani kikapasuka na damu ikamchuruzika, na Marziya akakimbilia mlangoni kung'ang'ana na komeo lililoganda kwa barafu. Lakini Marziya huziba nyumba yake vizuri kuliko wote kijijini, na sauti haikufika barabarani. Alfinur alimwona mumewe akiweka viganja kando ya mdomo na kuita, na ingawa hakusikia, alilisoma jina lile kwenye midomo yake.

Rafkat akatega sikio. Akatabasamu, kwa kuwa aliitikiwa.

Mlango ukafunguka wenyewe. Akavua kofia, akainama, akaingia, ukafungwa nyuma yake. Na juu ya paa, moshi uliokuwa ukitoka bombani ukakoma.