Mfano wa Maana ya Tano

Jumamosi saa sita mchana duka la rangi lilikuwa limefurika. Mafundi wanasukumana kwenye foleni, mashine ya kuchanganyia inatetemesha kaunta, harufu kali inapanda puani. Katikati ya vurugu hiyo akaingia mwanamke mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi likanyooka, vazi ambalo mtu mwenye akili timamu halivai kwenye duka la rangi, akapenya mpaka mbele.

"Kaka, samahani. Mna bluu ngapi?"

"Unataka ndoo ngapi?" mchanganya rangi aliuliza bila kuinua uso.

"Sitaki ndoo. Nataka kujua ziko aina ngapi, na watu wanaziitaje."

Foleni iliguna. Mchanganya rangi akainua uso. Alikuwa na madoa ya kijani mpaka kwenye kope.

"Dada yangu, umepotea? Hapa tunauza, hatufanyi mitihani."

"Basi nifaulishe tu niondoke."

Akacheka. Mwanamke naye akacheka, na kabla hajaondoka walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mwanamke huyo alikuwa mhariri wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na miezi mizima alikuwa amekwama kwenye neno moja dogo, "blue". Kwetu bluu ni rangi, yamekwisha. Waingereza wao wameligeuza gunia: wametia humo anga, damu ya kifalme, filamu za aibu, jambo la kushtukiza, na maana ya tano, huzuni. Hiyo ndiyo iliyomtoa jasho. Sheria ya ofisi yao ilikuwa kwamba kila maana ipate sentensi ya Kiswahili iliyosikika kwa mtu halisi, iandikwe kwenye kadi pamoja na maelezo ya msemaji. Maana isiyo na sentensi inatupwa. Sentensi za huzuni alikuwa nazo kumi, zote za msibani, nzito mno kwa neno hilo, haikufaa hata moja. Alitafuta ule unyonge mdogo wa mtu aliyekaa peke yake.

Mapenzi yakanoga huku kazi ikiendelea.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula rangi tangu asubuhi."

"Pole, kipenzi. Ina chumvi?"

"Njoo uonje, wewe si ndiye mtaalamu."

Jumapili moja mchana, kwenye simu, mchanganya rangi aliacha utani. Alisema polepole, "Mama aliondoka nikiwa na miaka saba. Aliahidi atanifuata Jumapili. Basi kila Jumapili nilivaa viatu nikakaa dirishani mpaka jua linazama. Sikulia hata siku moja."

Upande wa pili ukawa kimya. Alidhani mpenzi wake analia, akampenda zaidi.

Wiki mbili baadaye aliamua kumshtukiza kazini. Alivaa shati jipya na kusugua kucha mpaka zikauma. Mkuu wa kamusi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ndiye aliyempokea.

"Mimi ni rafiki yake, mama. Nachanganya rangi kule..."

"Mchanganya rangi! Kumbe ndiye wewe! Karibu, mwanangu. Umetuokolea ukurasa mzima."

Akamkabidhi kadi. *Kila Jumapili nilivaa viatu nikakaa dirishani.* Chini yake, kwa mwandiko anaoujua: *Mchanganya rangi, mwanamume, miaka thelathini na moja, kwa simu.*

Alirudia mstari ule wa chini mara mbili. Mhariri alitoka chumba cha pili na mafaili kifuani, akaiona kadi mkononi mwake, tabasamu likamfia mdomoni.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Ikishachapwa?"

"Hakuna jina lako, mpenzi. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua! Hayo hata baba yangu sijamwambia. Nimekwambia wewe, na wewe ukaniandika umri na kazi kama mgonjwa wa foleni. Siku ile nilikuwa naongea na nani?"

Aliweka kadi mezani taratibu, na upole ule ulitisha kuliko kelele. Akaondoka.

Mhariri alipiga simu Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Iliita mpaka ikakata. Ukurasa ulikuwa unaenda kiwandani Ijumaa. Alhamisi aliingia kwa mkuu wake, macho yamevimba.

"Naiondoa ile sentensi."

"Ukiiondoa, maana ya tano inaanguka. Miezi mitano ya jasho lako, mwanangu. Watu watatucheka: kamusi gani haijui hilo?"

"Watucheke."

"Kwa ajili ya mwanamume?"

"Kwa sababu si yangu. Niliichukua bila kuomba."

Mama yule alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari. Kwa kweli alikasirika.

Jumamosi mhariri alikwenda dukani. Mchanganya rangi alimwona, akaendelea kupima rangi.

"Kadi yako hii. Hakuna nakala," mhariri alisema, akimnyooshea. "Ukurasa umeondoka bila hiyo maana."

"Kwa hiyo kamusi yenu ina pengo."

"Ina pengo."

Aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kadi si kitu. Siku ile ulinyamaza. Nilidhani unalia."

Angeweza kudanganya, na mwanamume angetaka sana kudanganywa.

"Nilikuwa natafuta kalamu," alisema. Machozi yalimtoka hapo hapo, mbele ya mafundi wote.

"Ndiyo maana hukuniuliza kama mama alikuja."

Mhariri alijisikia vibaya kuliko siku zote za wiki ile. "Alikuja?"

Mchanganya rangi alizima mashine.

"Alikuja. Siku ya Jumatano, mimi niko shule. Akaniachia viatu vipya. Vilikuwa vidogo."

"Ukavifanyaje?"

"Nilivivaa."

Mhariri alimshika mkono, na rangi zake zote. Mwanamume hakuutoa. Walisimama hivyo, kaunta katikati yao, fundi mmoja akikohoa kwa makusudi.

"Bado hasira haijaniisha," mchanganya rangi alisema.

"Najua."

"Kesho Jumapili. Njoo nyumbani nikumalizie hadithi."

"Saa ngapi?"

"Mapema," alisema. "Sitaki tena kukaa dirishani."