Nanasi Lililoota Ndevu

Siku ile mjinga alikuwa Malachie, na hata yeye mwenyewe hakatai.

Kila asubuhi kabla ya shule, kule mjini Beni, alimenya mananasi pamoja na mama yake, Kyakimwa. Zamani walikuwa na shamba lao upande wa Mabalako. Siku moja baba alikwenda kuvuna, watu wenye silaha wakamuua, na baada ya mazishi hakuna aliyethubutu kukanyaga huko tena. Sasa walinunua mananasi sokoni, wakayakata vipande na kuyaanika siku tatu chini ya karatasi ya plastiki. Mteja wao alikuwa mmoja tu: Mama Mwanvua, mfanyabiashara wa Butembo, aliyenunua kwa kilo. Huyo akiwaacha, chungu kinalala kifudifudi.

Kilichomuuma Malachie ni mizani. Kilo kumi na tano za mananasi zilikauka zikabaki moja. Tena mama hakufunga mfuko kabla ya kubana kipande ndani ya karatasi ya daftari. Karatasi ikilowa, kipande kilirudi juani.

Juma lile mama alikwenda matangani Kalunguta, akamwachia kazi. Malachie akapiga hesabu ambayo mwalimu wake angeipigia mstari mwekundu: akianua siku ya pili badala ya siku ya tatu, zile kilo tatu za mwisho zitakuwa tano. Karatasi hakuigusa. Alifunga mifuko, akampa dereva wa lori la Butembo, akarudi nyumbani akitembea kama tajiri.

Baada ya siku kumi simu ililia. Mama Mwanvua aliwataka wote wawili Butembo. Walimkuta dukani, mifuko iko wazi mbele yake. Vipande vilikuwa na ukungu wa kijivu, manyoya kabisa.

"Mama Malachie," alisema, "nanasi yenu imeota ndevu. Tuiitie kinyozi?"

Alieleza kwamba mtoto wa mteja mmoja alikula, akatapika mpaka akapelekwa kituo cha afya, na tangu hapo hata mifuko mizuri watu wanaipita. Kyakimwa alimtazama mwanawe, naye akakiri yote. Kyakimwa akabeba mifuko mwenyewe hadi shimo la takataka. Chakula chao cha wiki mbili kikaingia humo. Kisha akarudi kuomba nafasi ya mwisho. Mama Mwanvua akakubali kwa sharti: kila mfuko utafunguliwa mbele ya wateja, na kipande kibanwe ndani ya karatasi wakiona.

Hapo Malachie angenyamaza tu. Hakunyamaza; alimgeukia Mama Mwanvua kujitetea.

"Lakini mama, mi sikutia maji. Ile ilikuwa maji ya nanasi yenyewe."

"Nanasi na maji yake iko mingi hapa sokoni, mutoto wangu," alijibu Mama Mwanvua. "Mimi ninamulipa mama yako juu ya kuondoa maji. Kama umeiacha mule ndani, nikulipe juu ya kazi gani?"