Mwanamke wa Picha Nyeusi na Nyeupe

"Huyu mwanamke ni nani, Leonce?"

Epifania aliuliza akiwa amesimama katikati ya studio, mkoba ungali begani. Mezani palikuwa na rundo la picha za sura moja: msichana mrembo, nywele kazisuka mistari, anacheka kama mtu anayejua anapendwa. Zote nyeusi na nyeupe. Jamani, mwanamume mwenye mchumba anachapa picha zote hizo za mwanamke mmoja kwa kazi gani?

"Kaa kwanza, Epi."

"Sikai! Na Mariana naye ni nani?"

Akamnyooshea Leonce simu yake, ambayo Leonce alikuwa ameiacha mezani. Ujumbe ulikuwa bado unang'aa kwenye kioo: *Leonce, ametoka vizuri? Epifania asijue kwanza.*

"Mariana yuko Nalasi, huko huko Tunduru, na..."

"Kumbe ile safari ya kazi Tunduru ilikuwa ya kwenda kwake! Na mimi huku nakuombea ufike salama!"

Leonce akafungua mdomo ajibu, printa ikaanza kukoroma nyuma yake, naye, masikini wa Mungu, akageuka kuitazama. Hapo ndipo alipoharibu. Epifania aliinyakua karatasi ilipotoka tu, akaichana katikati, kisha akaanza kuvuta pete ya uchumba kidoleni.

"Epi, umemchana mama yako."

Mkono ukaganda.

"Mama yangu yupi?"

"Jovina. Mama yako mzazi."

Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na nyumba yao ya Mshangano ilipoungua haikubaki hata picha moja. Tangu utotoni alikuwa akiwauliza watu mama alifananaje, na kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Usinidanganye kwa jina la marehemu, Leonce."

"Mpigie Mariana mwenyewe."

Akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo. Ni Epifania hapa."

"Marahaba, mwanangu! Ameshakuonyesha? Mimi nimesoma na mama yako. Hiyo picha nimeikuta kwenye sanduku la marehemu mama yangu, ndogo, imefifia, nikampa Leonce alipokuja huku kikazi. Hapo Jovina hajaolewa bado, anamsumbua tu baba yako!"

Simu ilipokatika, Epifania alikuwa amekaa chini sakafuni, vipande viwili mapajani, analia kwa kwikwi.

"Kwa nini ulinificha?"

"Picha zilikuwa zinatoka kijani. Humu ndani, chini ya taa, unaona nyeusi safi. Ukitoka nazo juani, kijani kabisa. Printa inachanganya wino wa rangi ili ipate kijivu. Sikutaka umwone mama yako mara ya kwanza akiwa na sura ya mgonjwa."

"Si ungeweka mfumo wa kompyuta kama wa wenzio? Mji mzima unakucheka na hiyo Linux yako ya bure."

"Hiyo ya bure inaniruhusu kuchokonoa kila kitu. Leo ndiyo nimepata pa kuiambia printa iache rangi zote, itumie wino mweusi peke yake. Hiyo uliyochana ndiyo ya kwanza."

Epifania akaziba mdomo kwa viganja. "Nimeiharibu!"

"Umeharibu karatasi tu. Mama yupo kwenye kompyuta."

Akabofya. Printa ikakoroma tena, na safari hii hakuna aliyeingilia. Epifania akaipokea picha kwa ncha za vidole, wakatoka nje kwenye jua kali la mchana. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. Kijivu kikabaki kijivu, na Jovina akaendelea kucheka. Epifania akashusha pumzi ndefu, akajikuta naye anacheka na machozi yake usoni.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nimemwonea wivu mama yangu mwenyewe!"

"Alivyo mzuri, hata mimi nisingekulaumu," Leonce akasema, akimsukumia pete irudi mahali pake.

Epifania akampigia baba yake, mzee Otto.

"Shikamoo, baba. Njoo hapa studio kwa Leonce."

"Marahaba. Kuna nini? Mmegombana?"

"Tuligombana, yamekwisha. Njoo umwone mama."

Redio iliyokuwa ikisikika nyuma ya mzee ikazimwa.

"Jovina?"

"Ndiyo, baba. Anacheka."

"Basi nisubirini," mzee akasema. "Ngoja nivae shati la maana."