Nilipuliza Moto wa Chapa Yake

Nina umri wa miaka thelathini na minane, mama wa mabinti watatu, mkazi wa Modogashe. Nauza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Zamani ngamia walikuwa wangu. Leo ni wa watu... Wasomaji wenzangu, nisikilizeni, maana ujinga huu niliufanya kwa mikono yangu.

Marehemu baba aliniachia ngamia majike wawili. Mkubwa nilimwita Deeqa. Nilikamua, nikauza, nikaongeza, hata wakafika sita. Ndipo akaja Shukri, dereva wa lori, mcheshi mwenye ulimi wa asali, akanioa. (Si jina lake halisi. Aibu yake naisitiri mpaka leo, mjinga mimi!)

Kwetu ngamia huchomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto. Ukiona alama, umemjua mwenyewe. Shukri alisema nyumba moja yenye alama mbili ni kuchekesha watu, afadhali tuchome yake juu ya ile ya baba. Kaka yangu alinikataza. Nilimwambia ana wivu! Bi harusi wa miezi miwili husikia la nani? Moto niliupuliza mwenyewe. Kichwa cha Deeqa nilikishika mwenyewe, akilia, nami nikimbembeleza anyamaze.

Pombe niliigundua mwaka wa tatu. Aliileta kwa lori kutoka Isiolo, ndani ya chupa za soda. Mtu wa swala tano! Alikuwa akianguka mlangoni, nami nikimburuta ndani kabla majirani hawajaona, nikimwosha matapishi, nikichoma ubani. Jirani yangu Halima akiuliza, nilimwambia ni malaria. Malaria gani ya kila wiki, jamani? Lakini mji wetu ni mdogo, na mabinti wangu watahitaji wachumba... Nilinyamaza miaka sita.

Kisha ngamia wakaanza kupungua. Mchungaji alisema Shukri amempeleka mmoja sokoni Garissa. Mwezi uliofuata, wa pili. Halafu wa tatu. Sokoni nani angemuuliza? Alama ilikuwa yake! Binti yangu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na baba yake amelala chini, soda yake kando.

Nikadai talaka, na ngamia wangu watatu waliobaki. Wazee waliketi. Shukri alikuja amevaa kanzu nyeupe, ametulia, akasema hao ngamia nilimpa kwa hiari yangu.

"Wewe ndio ulishika ngamia wakati wa kuchoma?" mzee mmoja aliniuliza.

"Ndiyo, adeer," nilimjibu, yaani ami.

"Iko mtu alikulazimisha?"

Nikapiga kelele kwamba huyu ni mlevi, amekunywa mali ya watoto! Wakataka shahidi. Nilimwita Halima. Masikini, aliniangalia kwa huruma, machozi yanamlengalenga.

"Wallahi mimi sijaona yeye amelewa," alisema. "Abaayo, dada yangu, si wewe mwenyewe uliniambia ni malaria?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uongo wangu wa miaka sita ulinirudia kwa mdomo wa rafiki yangu, tena bila yeye kukosea neno! Dini inasema mali ya mke ni yake, wazee walilijua hilo. Lakini walichokiona ni alama ya Shukri, na mke aliyempa. Talaka nilipata. Ngamia walikwenda naye.

Mwezi uliopita lori la mifugo lilisimama mbele ya meza yangu, likielekea Garissa. Nilimwona Deeqa, amekonda, shingo nje ya mbao. Nilimwita. Aligeuka! Alininyooshea shingo kama alivyofanya nilipokuwa namkamua... Lori likaondoka. Binti yangu, ambaye angekuwa darasani, alinishika mkono nisilikimbilie.

Dada yangu, mpende mume, mheshimu, mpikie. Lakini mali uliyoachiwa na baba yako iache na alama ya baba yako, na siku ya kwanza akianguka mlangoni, usimburute. Mwite jirani aone! Nakuomba, usiseme ni malaria.