Walisema Namnyonga Mume Wangu Usingizini

"Muue basi! Maliza! Si ndio umekuwa ukitaka?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, Biblia bado iko mkononi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kitandani, vidole vyangu vyote viko chini ya taya ya mume wangu...

Na mume wangu alikuwa hapumui.

Jameni, naitwa Bosibori. Admin, usifiche jina langu. Nina miaka sabini na sita, na haya yalinipata kijijini Itumbe mwaka wa 1974, Sabato moja baada ya chakula cha mchana.

Nikavuta taya juu. Kifua kikashtuka. Onyancha akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa mtoni, akafungua macho.

Mimi niliona ameokoka. Mama mkwe aliona nimefumaniwa.

Mama mkwe, Gesare, alipiga nduru mpaka uwanja ukajaa majirani.

"Anamnyonga mwanangu!"

"Mama, simnyongi! Akilala anaacha kupumua. Nikiinua taya hivi, pumzi inarudi."

"Mtu mzima anaacha kupumua aje? Amesahau?"

Watu wakacheka.

Nikamgeukia Onyancha. Miaka minne nilikuwa nalala kama askari wa zamu. Akikoroma, nalala. Akinyamaza, naamka. Nilijua atanitetea.

Akajishika koo.

"Ni kweli," akasema polepole. "Kila mara naamka nikihisi kuna mtu amenikaba. Na nikifungua macho... ni Bosibori."

Wadau, mume wangu mwenyewe!

Na hakuwa anadanganya. Hapo ndipo paliponiuma. Aliamini kabisa.

Shemeji yangu Manasseh alitupa nguo zangu nje. Kabla jua halijatua nilikuwa njiani kurudi kwetu Sironga, mtoto wangu Alfayo akibaki nyuma ananililia.

Wiki tatu.

Huko kwetu nililala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Lakini kila nikiamka nilijiuliza: huko Itumbe, Onyancha akinyamaza, nani anasikia?

Jumatano moja adhuhuri nikamwona Manasseh kwenye lango la baba yangu, jasho linamtiririka.

"Shemeji, twende hospitali."

"Nani amekufa?"

"Bado."

Hakuniangalia usoni. Alisema Onyancha alisinzia kwenye kiti baada ya chai ya asubuhi, akabadilika rangi. Wakamkimbiza kwa lori ya majani chai. Anazinduka kidogo, anazama tena. Na daktari aliuliza swali moja tu: nani hulala na huyu mtu?

"Jibu ni wewe tu," akasema. "Ndio nikatumwa."

Tulifika saa tisa. Midomo ya Onyancha ilikuwa zambarau. Nesi mmoja, Sista Marion wa Nyamache, alikuwa amemfunika mdomo na pua kwa mask ya mpira. Mkono mmoja umeishika, mwingine unafinya mfuko wa hewa.

Lakini uso wa Onyancha ulikuwa mpana, na ndevu zimejaa. Kila Marion akifinya, hewa inatorokea shavuni.

Ssssss...

Kifua hakiinuki.

"Inavuja! Kaza!" daktari akasema.

"Nimekaza, daktari! Nina mikono miwili tu!"

Sikuomba ruhusa. Nilisimama upande wa kichwa, vidole nyuma ya taya, vidole gumba juu ya mpira. Nikavuta taya juu mpaka ikakutana na mask.

Ile sauti ikakatika.

Marion akafinya. Kifua kikainuka!

"Usiachilie, mama," daktari akaniambia. "Nani alikufundisha kushika hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Miaka minne."

Tulimsaidia kupumua mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Rangi ilipomrudia, daktari aliwaita ndugu zake.

"Koo la huyu mtu hujifunga akilala. Mkewe hakuwa anamkaba. Alikuwa anamfungua."

Manasseh akatoka nje.

Jioni Onyancha akafumbua macho, akaniona.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Akalia mbele ya wagonjwa wote. Niseme ukweli, siku hiyo sikumsamehe. Ilichukua muda.

Nikaenda kwenye bomba la nje kunawa. Mama mkwe akanifuata. Nilidhani anakuja kuomba msamaha.

"Bosibori, baba yao pia alikuwa hivi."

"Hivi aje, Mama?"

"Alikoroma mpaka ng'ombe wanashtuka. Siku moja akanyamaza. Nikasema, asante Nyasae, Mungu wangu, leo nitapumzika."

Akaketi chini kwenye simiti.

"Nikalala, mwanangu. Nilipoamka, alikuwa baridi."

Maji yalikuwa yanamwagika bure. Nikafunga bomba.

"Siku ile nilipokukuta umemshika... nilijua unafanya nini. Nilijua! Lakini kama wewe ulikuwa unamwokoa mume wako, basi mimi wangu nilimwacha..."

Akajifunika uso.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia huyo mwanamke. Nilikuwa nimeyapanga wiki tatu nzima. Nikaketi kando yake tu.

Onyancha aliishi miaka ishirini na minne zaidi, akilala kwa ubavu, nikimsikiliza. Na kila Sabato mchana, mama mkwe alinifukuza nikapumzike. Zamu ya mchana ilikuwa yake. Hakumpa mtu mwingine mpaka alipozeeka kabisa.

Wapendwa, siku hizi kuna mashine za kuwapulizia hewa kwa mask watu kama hao wakilala. Nawaona hapa mkilalamika mask inavuja, inapuliza hewa machoni, mnaisukuma chini ya kitanda. Rudini kliniki wawapime upya, wawape inayowakaa.

Na wewe unayelala karibu na mkoromaji, kelele zikikatika ghafla usigeuke upande wa pili ukashukuru.

Mguse kwanza.